Chupa Saba za Mtaroni

Kaloleni, Nairobi
Jumatano alasiri

Kwa dada yangu mpendwa Aloo, Mama Aluoch,

Barua hii inatoka kwa mtu ambaye vyuo viwili vizima vilishindwa kupiga hata hatua moja bila idhini yake. Usicheke, dada. Muulize yeyote hapa Kaloleni, atakwambia kwamba mwezi wa nane sayansi ya nchi hii ilikuwa imelala chini ya godoro langu, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, na mwenye ruhusa ya kuifungua alikuwa mmoja tu: mimi ndugu yako, Jackton Obonyo, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wamenimalizia yote waliyokuwa nayo.

Lakini salamu kwanza. Hamjambo hapo nyumbani? Goti la shemeji Ochola linaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu, alizaa ndama jike kama nilivyotabiri, au mmeamua kunikosesha heshima? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa nyumba imekuwa kubwa mno tangu Aluoch aondoke. Kikombe chake bado kipo dirishani. Asubuhi bado natia majani ya chai ya watu wawili.

Nimeusikiliza ule ujumbe wa sauti uliotuma. Unauliza binti yako amefanywa nini Nairobi hata arudi kwako Ugunja na begi lake akiwa hasemi wala hali chakula, na vitabu amevisukuma chini ya kitanda. Unasema jina pekee lililomtoka ni la msichana Mkamba aitwaye Kavindu, eti ndiye aliyemharibia kazi ya mwaka mzima, na kwamba umelipeleka jina hilo kwa akina mama wa maombi ya Alhamisi, wala si kwa kuliombea baraka. Dada, nakuomba uliondoe jina hilo. Kesho ni Alhamisi, na ndiyo maana nimemshika Patrobas, anayesafiri leo jioni kwenda mazishini Siaya, nikamwambia hapandi basi bila barua hii. Utauliza mbona sikupiga simu. Kwenye simu mdomo wangu hutangulia, mimi nikaufuata nyuma nikihema. Kalamu inakwenda polepole. Naweza kuikamata.

Nianze na kazi yenyewe, maana najua Aluoch hakuwaeleza vizuri. Nyinyi mlidhani anasomea udaktari.

Walikuwa wakitengeneza karatasi. Wanachukua bakteria, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho, wanavipachika jeni ambazo havikuzaliwa nazo, kisha wanavipasua, wanakamua ule utomvu na kuukausha kwenye kipande cha karatasi kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Aluoch alinifafanulia siku moja akikata sukuma wiki. Alisema ni kama supu, mjomba, supu iliyokaushwa; haina uhai tena, lakini ukiidondoshea maji inaikumbuka kazi yake. Maji yakiwa na madini ya risasi, yale yatokayo kwenye betri kuukuu za magari na kuwapumbaza watoto wadogo, karatasi inageuka zambarau. Yakiwa safi, inabaki nyeupe. Mama yeyote wa Kayole angeweza kupima maji ya mwanawe kabla ya kuyachemsha, bila kumngoja daktari wala kanjo, wale watu wa baraza la jiji. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyahangaikia mwanao, dada. Si mchezo.

Na hakuwa peke yake. Kazi ilikuwa ya timu mbili za wanafunzi. Timu ya Aluoch hapa Nairobi ilitengeneza jeni ya kuitambua ile risasi. Timu ya chuo kimoja upande wa Machakos ilitengeneza jeni ya kutoa rangi. Wewe umezaliwa na mtu wa reli kama mimi, kwa hiyo utanielewa nikisema kwamba kila upande ulikuwa na behewa lake, na kwa miezi mitano walihangaika kutafuta ndoano zitakazoshikana. Zilipokataa, kila timu iliamini mbovu ni ya mwenzake. Zilipokubali mwezi wa sita, Aluoch alinikumbatia hapa mlangoni hadi kofia ikaanguka, akasema imeshika, mjomba, imeshika! Nikamwambia nilijua itashika, maana mchana ule nilikuwa nimeiamuru.

Aliyeongoza upande wa Machakos ndiye huyo Kavindu. Sasa nisikilize vizuri. Msichana huyo amekula nyumbani kwangu mara tatu. Mara ya kwanza aliwachambua omena wake akitoa vichwa kimoja kimoja, akavipanga ukingoni mwa sahani kama askari wa gwaride, na Aluoch akacheka hadi akapaliwa. Mara ya tatu alikula vichwa na mikia, akaomba mchuzi zaidi. Waliitana pacha. Kwenye simu kila jioni ilikuwa pacha hivi, pacha vile, hadi nikauliza kama kuna uzazi ambao sikuarifiwa. Baba yake ni mzee Mutie, mchonga vinyago wa Wamunyu. Aliposikia kwamba rafiki wa bintiye ana mjomba mwenye sifa kama zangu, alinichongea fimbo ya mti mweusi, kichwa chake samaki kamongo wa ziwani kwetu, mdomo wazi, macho yote mawili. Mtu hajawahi kumwona kamongo ila kwa kuuliza, na bado akamchonga hivyo. Kavindu alinikabidhi kwa mikono miwili akasema ni shukrani ya mapema kwa kazi nitakayowafanyia.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Ili wenye maonyesho ya vyuo wakubali karatasi yao, ilibidi ipimwe kwa maji ambayo hakuna mpimaji anayejua yametoka wapi. Aluoch alinieleza kwamba macho ya mtu huona anachokitamani. Ukijua chupa hii ni ya mtaroni, hata nyeupe utaiita zambarau. Walihitaji mtu wa katikati, asiye wa timu hii wala ile, ajaze chupa kumi na mbili, azipe nambari, aandike orodha ya siri, aifunge kwenye bahasha na kuilalia. Chupa tano maji ya bomba letu hapa nyuma ya nyumba. Chupa saba maji ya mtaro ule wa Industrial Area unaopita nyuma ya karakana moja ya kuyeyusha betri, ambao mwalimu wao alikuwa ameshaupima kwa mashine ya chuo, akajua una risasi tele.

Walipoanza kutafutana nani afanye, nilikohoa. Nikawaambia kwamba nilichota maji ya kanjo miaka ishirini, kwamba nikiyanusa tu najua yametoka Ruiru au Ngong, na kwamba kuna mkubwa mmoja zamani hakuwa anakunywa glasi mpaka mimi nitikise kichwa. Nilisahau kuwaambia kwamba kanjo nilikuwa mfungua geti. Seth, kijana wao mmoja wa Kayole mwenye maneno, alisema huyu buda, huyu mzee, ndiye mwenyewe, tumepata professor wa mtaro. Nikalipenda jina hilo. Wiki nzima nililivaa.

Jumamosi ya kazi walinisindikiza hadi kwenye reli tu, maana wao hawakuruhusiwa kuona. Nilivuka na chupa zangu kwenye kapu na fimbo yangu mkononi. Baada ya saa mbili nilizileta zote kumi na mbili zimejaa, tano zikiwa angavu na saba zikiwa na tope. Kila moja waligawa nusu kwa nusu, nusu ikabaki Nairobi, nusu ikaenda Machakos jioni ileile.

Jumatatu karatasi zote zilibaki nyeupe. Kumi na mbili hapa, kumi na mbili kule.

Mwalimu wao Muriuki alinipigia, nikapeleka bahasha, ikafunguliwa mbele ya timu zote mbili kwenye simu ya video. Orodha yangu ilikuwa na mwandiko mzuri, dada, hata mwalimu alisifu. Ilisema saba ni za mtaroni. Sasa karatasi ya kutambua risasi iliyoshindwa kuiona mara saba kati ya saba ni karatasi gani? Na aliyezikausha zote alikuwa Kavindu, kwa sababu mashine ya kukaushia ilikuwa chuoni kwao.

Kavindu hakupiga kelele. Alisema karatasi zake ni nzima, kwamba alikuwa ametengeneza maji yenye risasi kwa mkono wake, akayapima kwa karatasi za fungu lilelile, zikageuka zambarau, na picha anazo. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba labda tuangalie chupa. Halafu akamwambia Aluoch, pacha, hebu muulize mjomba tena.

Dada, binti yako alisimama. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na kofia magotini. Alisema mbele ya wote kwamba mjomba wake anaweza kuongeza chumvi kwenye hadithi, hilo kila mtu Kaloleni analijua, lakini kazi akikabidhiwa ameifanya. Alisema yeye amelelewa kwenye nyumba hiyo tangu kidato cha kwanza na hajawahi kulala njaa wala kudanganywa jambo la maana. Akamuuliza Kavindu watajuaje kwamba picha hizo si za mwezi wa sita.

Tuliporudi nyumbani hata hivyo Aluoch aliniuliza, kwa adabu, akiwa amechutama karibu na jiko. Nikamwambia habari ya chupa ya saba: jinsi wanaume wawili wenye mapanga walivyonizingira, nikawasemesha kwa Kikamba, Kiluo na Kiswahili cha pwani, hadi wakaniombea radhi na mmoja akanishikia mfuniko. Akacheka kidogo. Nikaapa kwa kaburi la baba.

Kavindu alikuwa ameomba jambo moja tu, chupa saba zichotwe upya. Zilikuwa zimebaki siku nne; muda ulitosha. Ningeweza kusema sawa, nitachota. Lakini mimi nilisusa. Nilisema mtu mzima hapimwi mara mbili kama mkojo wa hospitali. Nilisema mtoto wa juzi amenivua nguo hadharani, na nikakataa chakula jioni hiyo na kesho yake. Muriuki mwenyewe alikuja kunituliza, akakaa kwenye kiti hiki ninachokalia, na kwa kuniheshimu akasema basi, jambo la kuchota upya tuliache, Mzee Obonyo hatatiliwa shaka. Kuheshimiwa kule, dada, ndiko kulikoua kazi ya watoto.

Aluoch aliandika barua kwa timu ya Machakos. Niliiona. Ilisema ushirikiano umevunjika na sababu yake ni picha zisizoaminika. Kule chuoni kwao walimwita Kavindu, wakamwondoa kwenye timu wakati wanachunguza kama alighushi. Siku ya maonyesho ilifika. Timu ya Nairobi ilikwenda na jeni isiyo na rangi, timu ya Machakos ikaenda na rangi isiyo na kazi, wakasimama meza mbili mbali mbali ukumbini kama watu waliotalikiana wanaokutana harusini. Hakuna aliyewauliza swali. Aluoch alirudi saa tisa mchana, akafunga begi, na mengine unayaona wewe hapo kwako.

Sasa, nyamera, dada yangu wa tumbo moja, mwite Aluoch. Usisome zaidi kabla hajaketi karibu nawe. Akikataa, mwambie ni mjomba anayeomba, na kwamba si hadithi. Kisha soma kwa sauti.

Aluoch, mwanangu. Chupa zote kumi na mbili zilikuwa za bomba letu.

Ule mtaro sikuuchota. Nilifika hadi kwenye uzio wa karakana, nikaona maji yenyewe, nikarudi. Nilipita njia ya nyuma msinione, nikafungua bomba letu, nikajaza moja hadi kumi na mbili. Zote zikawa angavu. Ndipo nikachimba udongo chini ya sukuma wiki uliyoipanda wewe, nikatia kijiko kimoja katika kila moja ya zile saba, nikatikisa. Nilijiambia maji ni maji. Nilijiambia mambo haya ya karatasi ni michezo ya shule na hakuna atakayejua. Kumbe karatasi ilijua. Karatasi yenu na Kavindu ilifanya kazi yake barabara, mara kumi na mbili kwa kumi na mbili: iliyaambia macho yenu kwamba maji haya ni safi, na yalikuwa safi. Ndoano zilikuwa zimeshikana. Niliyeng'oa mataruma ni mimi.

Jumatatu ya wiki hii nilikwenda kwa mwalimu Muriuki nikamwambia yote. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu bila kuivaa. Aliniuliza ni nini kilichonirudisha pale usoni pa mtaro. Nikamweleza kwamba karakana ile ina mbwa watatu wakubwa kama ndama, na mmoja alikuwa amekata mnyororo. Akaandika. Nikatia sahihi, na jana karatasi hiyo ilitumwa Machakos. Wamemwondolea Kavindu lawama na kumrudisha kwenye timu. Nilimpigia kumwomba msamaha. Alisikiliza hadi mwisho, akasema asante kwa kusema, mzee. Halafu akauliza kama fimbo ya baba yake inanisaidia kutembea. Nikasema inanisaidia sana.

Maonyesho hayarudi. Muriuki anasema ya mwakani yapo, kama kuna wa kuyaingia, lakini hilo si langu kuahidi. Ninachoomba ni kimoja. Aluoch, mpigie Kavindu kwanza, kabla ya kunipigia mimi kunitukana. Matusi yangu hayataoza, nitayangojea. Yeye amengoja vya kutosha. Ulinisimamia mimi mbele ya watu ukamwangusha yeye, na siku nzima leo nimejaribu kuandika sentensi itakayolipunguzia jambo hilo uzito. Sijaipata.

Wewe dada, ukitaka kunisema kwenye maombi ya kesho, nitaje kwa majina yote mawili ili malaika wasikosee nyumba. Nisalimie shemeji Ochola, na mama mzee wa nyumba ya juu, na ng'ombe. Patrobas mpe uji, hajala tangu asubuhi kwa sababu ya haraka yangu. Kikombe cha dirishani sijakigusa.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Jackton Obonyo

Dada, nimeirarua bahasha baada ya kuifunga. Patrobas yuko mlangoni anagonga saa yake kwa kidole. Kavindu ameniuliza habari ya fimbo, nami nikamjibu kwa uongo mwingine hata kabla wa kwanza haujapoa, kwa hiyo wacha nimalize.

Fimbo sina. Iko penye uzio wa karakana ile, karibu na mtaro, mahali ilipodondoka. Tangu siku hiyo nimekwenda mara mbili kuichukua, nikasimama mbali, nikarudi nyumbani. Na mbwa, dada, hakuna mbwa pale. Hakujawahi kuwa na mbwa. Wenye karakana wanafuga bata bukini kulinda mlango wa nyuma, yule bata mweupe wa shingo ndefu anayepiga kelele kama bawaba kavu. Alinikimbiza hadi kwenye reli.

Alikuwa mmoja.